Gitaa lako halikai tyuni? Tafuta kwanza uzi unakwama wapi

Msomaji mmoja ameniuliza hivi: "Nina gitaa la umeme lenye funguo sita za kukazia nyuzi upande mmoja wa kichwa, na mkono wa tremolo wa kushushia sauti ya nyuzi. Nikilityuni linakaa vizuri mpaka nianze kupiga. Nikibendi uzi wa tatu, yaani nikiusukuma pembeni kwa kidole ili sauti ipande, mara mbili tatu, ukirudi umeshuka. Nikizamisha sauti kwa tremolo, uzi huohuo unarudi umepanda. Nimebadilisha funguo zote sita, nimeweka mpya za bei mbaya, na hali ni ileile. Nyuzi ni mpya, nimehama kutoka seti ya 9 kwenda seti ya 10. Je, sasa nibadilishe daraja zima, pale nyuzi zinapoegemea mwilini? Na zile funguo za zamani nizirudishe?"

Ndugu yangu, jibu umelibeba mwenyewe ndani ya swali lako. Ukibendi, uzi unashuka. Ukitumia tremolo, uzi uleule unapanda. Ufunguo mbovu hauwezi kukufanyia hivyo. Ufunguo unaoteleza unaachia uzi, na uzi ulioachiwa unashuka tu. Sijawahi kuona ufunguo unaojizungusha wenyewe ukakaza. Uzi wako haulegei, unakwama. Unatoka mahali pake, na unapotakiwa kurudi unashikwa njiani. Kwa dalili ulizotaja, panapoushika ni kwenye nati.

Nikisema nati simaanishi ile ya kufungia bolti. Ni kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Kidogo, hakina nembo wala mng'aro, ndiyo maana watu wanakiruka. Funguo zinang'aa, tena ndizo unazozishika kila unapotyuni, basi lawama zote zinaziangukia. Hata mimi nilianzia huko. Gitaa langu la kwanza la umeme nililitoboa kichwa matundu mapya ili funguo nilizonunua zikae, na lilipoendelea kutoka tyuni nikaamini nimeuziwa feki. Matundu yale yapo mpaka leo. Nati nilikuja kuigusa miaka miwili baadaye, kwa ncha ya penseli, na tatizo likaisha jioni ileile.

Tazama kinachotokea. Uzi hauishii kwenye nati. Una kipande kingine kifupi nyuma yake, kati ya nati na ufunguo. Vipande hivi viwili vinatakiwa vivutane sawa. Unapobendi, kipande cha mbele kinakaza, kinaomba uzi kidogo kutoka nyuma, na uzi unapenya kwenye mfereji kuja mbele. Ukiachia, ule uliopenya unatakiwa urudi. Mfereji ukiwa umebana, haurudi wote. Mbele panabaki uzi wa ziada, panalegea, sauti inashuka. Ukizamisha kwa tremolo mambo yanageuka: kipande cha mbele kinalegea, cha nyuma kinajivutia uzi, na daraja linaporudi ule uzi umeshanaswa nyuma ya nati. Mbele pamepungukiwa, sauti inapanda. Wapigaji wazoefu wa tremolo wanalijua hili kwa mikono hata wasipoweza kulieleza: wakishazamisha sauti, utawaona wanauvuta uzi kidogo kwa kidole kabla ya kuendelea. Wanaunasua.

Hakikisha mwenyewe kabla hujagusa chochote. Tyuni uzi wa tatu mpaka tyuna, kile kipima sauti, itulie kwenye noti ya G. Ubendi mara tatu kwa nguvu unayotumia siku zote, uachie, uupige ukiwa wazi, bila kuubonyeza. Umeshuka? Usiguse ufunguo. Weka kidole nyuma ya nati, kwenye kile kipande kifupi upande wa kichwa, ukibonyeze taratibu, uachie, upige tena. Sauti ikirudi juu, au hata ikapitiliza, umemkamata mwizi: uzi ulikuwa umenasa kwenye nati na wewe umeurudisha kwa nguvu. Isipobadilika, basi uzi umeteleza kwenye mhimili wa ufunguo au bado haujakaa, na hilo nitalifikia.

Kuna jaribio la pili, la sikio. Gitaa likiwa halijaunganishwa kwenye amplifaya, mahali pakimya, geuza ufunguo polepole sana. Ukisikia "ting!" na mshale wa tyuna ukaruka badala ya kutembea, huo ni uzi unaochomoka baada ya kushikiliwa. Uzi unaopita vizuri hauna mlio huo.

Sasa hiyo seti yako mpya. Namba 9 na 10 ni unene wa uzi wa kwanza kwa elfu za inchi; seti ya 9 kwa kawaida inaishia 42, ya 10 inaishia 46. Uzi wako wa tatu umetoka 16 ukaenda 17. Kwa macho huoni tofauti, lakini mfereji uliochongwa kwa ajili ya 16 unaishika 17 kama koleo. Nyuzi tatu nene zina balaa la ziada, kwa sababu zimezungushiwa waya, na mistari ya waya huo inakwaruza kuta za mfereji mfano wa tupa. Kwa hiyo nadhani gitaa lako lilikuwa na msuguano tangu zamani, ila nyuzi nyembamba zilikuwa zinalifichia aibu.

Anza na dawa ndogo. Legeza uzi mmoja, utoe kwenye mfereji, uuweke pembeni. Pitisha mswaki mkavu, maana humo hukaa uchafu wa jasho na vumbi la chuma. Chukua penseli laini, 2B au laini zaidi, uchonge ncha yake kali, uchore ndani ya mfereji mpaka sakafu na kuta zing'ae kijivu. Kile cheusi cha penseli ni grafiti, na grafiti inateleza. Rudisha uzi, tyuni, rudia jaribio la kidole. Kisha nenda uzi unaofuata. Usilegeze nyuzi zote sita kwa pamoja, hasa kwenye gitaa lenye tremolo. Springi zitalivuta daraja nyuma na utapoteza nusu saa kulirudisha.

Mara nyingi penseli inatosha, angalau mpaka utakapobadilisha nyuzi tena. Ikiwa kosa limepungua lakini halijaisha, mfereji ni mwembamba na unahitaji kupanuliwa. Mafundi wana tupa maalumu zilizopimwa unene wa kila uzi. Huna, basi kunja msasa laini, namba 600 kwenda juu, juu ya kipande cha uzi wa zamani ulio mwembamba kidogo kuliko uliopo, na upitishe kwa kuinamia upande wa kichwa, kufuata njia ambayo uzi wenyewe unapita. Piga mara tano, rudisha uzi, jaribu. Mara tano tena. Unachotafuta ni kupanua kuta, sakafu usiiguse. Ukiichimba, uzi ukiwa wazi utagonga freti ya kwanza, kile kijiti cha chuma cha shingoni, na kuchachatika, na hapo dawa ni nati mpya. Mkono wako ukiwa mzito, mpelekee fundi. Kwa anayejua ni kazi ndogo kuliko kufunga hizo funguo ulizofunga.

Usisahau vile vibanio viwili vidogo vilivyopo kwenye kichwa cha gitaa la aina yako, vinavyozikandamiza nyuzi nyembamba zisitoke kwenye nati. Navyo ni sehemu ya msuguano. Paka grafiti chini yake. Kwa upande mwingine una bahati: kichwa chenye funguo sita upande mmoja kinapitisha nyuzi zikiwa zimenyooka. Wenye vichwa vya tatu kwa tatu, kama vile vya Gibson Les Paul, uzi wao wa tatu na wa nne unapinda kwenda pembeni mara tu unapotoka kwenye nati, na kichwa chenyewe kimelala nyuma, kwa hiyo uzi unasukumwa ukutani na sakafuni kwa wakati mmoja. Malalamiko ya G kwenye magitaa hayo ni ya miaka na miaka.

Lakini mbona daima ni uzi wa tatu, hata kwako ambaye njia imenyooka? Hili napenda kulieleza, kwa sababu likieleweka mtu anaacha kuuchukia uzi ule. Kwenye seti ya 10, uzi wa kwanza na wa tatu vinavutwa kwa nguvu inayokaribiana, kama kilo 7 na kitu kila mmoja. Ila wa tatu una chuma karibu mara tatu ya wa kwanza ukiukata na kuutazama kwa mbele. Chuma kingi hakihitaji kunyooshwa sana ili kifikie nguvu hiyo. Nimepiga hesabu kwa gitaa lenye milimita 648 kutoka nati hadi daraja: uzi wa kwanza umerefushwa kama milimita 4.5 kufika kwenye sauti yake, wa tatu kama milimita 1.6 tu. Sasa chukua sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, uiachie inase upande usio wake. Wa kwanza amepoteza kidogo katika kingi. Anashuka senti, kipimo cha sauti, zisizofika 20. Wa tatu amepoteza sehemu kubwa ya kile kidogo alichonacho. Anashuka kama senti 50. Freti moja hadi nyingine ni senti 100, kwa hiyo unene wa karatasi umekupeleka nusu ya njia kwenda noti nyingine kabisa.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini uzi huo unashuka ukipata joto la mkono au la taa za jukwaani. Chuma kikipata joto kinarefuka, na kama shingo haijapata joto bado, kila digrii moja inamnyang'anya huyu wa tatu kiasi cha senti 4. Ndiyo maana mpigaji anayejali hulitoa gitaa kwenye begi mapema, akaliacha lizoee mahali, ndipo akatyuni.

Turudi kwenye nyuzi mpya, maana hapo kuna nusu ya pili ya hadithi yako. Watu husema uzi mpya "unanyooka" kwa siku kadhaa. Sehemu kubwa ya kinachotokea si kunyooka. Ni mizunguko kwenye mhimili wa ufunguo inayojibana taratibu, na kona za uzi pale kwenye daraja zinazotafuta kukaa. Ndiyo sababu mizunguko mingi ni adui. Nimefungua magitaa yenye mizunguko saba iliyopandana kama kamba ya ndoo kisimani, mwenyewe akiamini anakaza zaidi. Mizunguko miwili au mitatu inatosha, yote ikishuka chini bila kupandana, ili uzi ufike kwenye nati kwa pembe nzuri. Acha kama sentimita 5 za ziada kabla ya kuanza kuzungusha. Ukishafika kwenye sauti, shika uzi karibu na freti ya 12, uuvute juu kutoka kwenye mwili wa gitaa kwa nguvu ya kiasi, usogee kidogo, uvute tena. Tyuni. Rudia. Mara ya kwanza utashuka sana, mara ya nne au ya tano hautashuka. Uzi uliopita hapo unaweza kupiga nao siku hiyohiyo.

Na ukityuni, malizia kila mara kwa kupanda. Ukipitiliza, shuka chini ya noti kwanza, kisha panda tena. Meno ya ufunguo yana mchezo kidogo kati yao. Ukimaliza kwa kushuka, mchezo huo unabaki umelegea na uzi utaumaliza wenyewe katikati ya wimbo. Gitaa liwe mapajani au limening'inia kwenye mkanda, vile unavyolipiga, si limelazwa mezani.

Daraja. Usilibadilishe. Lina shutuma zake, lakini dalili yake ni nyingine: nyuzi zote sita zinahama pamoja. Ukizamisha sauti kisha zote zikarudi zimeshuka kwa kiasi kinachofanana, daraja ndilo halirudi nyumbani. Kwenye tremolo iliyofungwa kwa skrubu sita, mfumo uliokuja na Fender Stratocaster mwaka 1954, kosa la kawaida ni skrubu zote kukazwa mpaka chini. Daraja linatakiwa libembee. Mafundi wengi huziacha mbili za pembeni zibebe mzigo, nne za katikati zikapandishwa kidogo zisiguse. Kwenye ile ya nguzo mbili, tazama makali ya daraja yanapoegemea nguzo. Yakiwa na pengo au kutu, hayarudi palepale. Nguzo hizo usizizungushe nyuzi zikiwa zimekazwa, unayala makali hayo mwenyewe.

Kuna jambo moja ambalo si ubovu ingawa watu huliletea mafundi kama ubovu. Daraja likielea, likiwa limeshikiliwa na nyuzi upande mmoja na springi upande wa pili, ukibendi uzi mmoja zile nyingine zinashuka kwa muda. Ukityuni uzi mmoja, zile tano nyingine zinahama. Hiyo ni mizani inafanya kazi yake. Kama huhitaji kuvuta sauti juu kwa tremolo, kaza zile skrubu mbili ndefu zinazoshika springi nyuma ya gitaa, ukiongeza springi ya nne au ya tano ikibidi, mpaka daraja lilale kwenye mwili. Utabaki na uwezo wa kuzamisha, na gitaa litatulia zaidi. Mimi binafsi hulifanya hivi kwenye kila gitaa la mpigaji wa ridhimu, hata kabla hajaniomba.

Floyd Rose, Mmarekani aliyekuwa akichoshwa na tatizo hilihili lako, mwishoni mwa miaka ya 1970 alichukua njia ya mkato: uzi unakwama kwenye nati? Basi ufungwe kabisa hapohapo kwa skrubu, na upande wa daraja nao ufungwe, usiwe na pa kuteleza. Inafanya kazi ajabu. Bei yake ni kwamba funguo za kichwani hazina kazi tena ukishafunga, kwa hiyo baadaye daraja lenyewe likawekewa vifunguo vidogo vya kurekebishia, na kubadilisha uzi mmoja kumekuwa shughuli yenye spana. Usiende huko kabla ya penseli.

Jambo la mwisho kabla sijamaliza na funguo zako: kama uzi ukiwa wazi uko sawa kwenye tyuna lakini freti ya 12 inasoma juu au chini, hapo tyuni haina kosa. Hiyo ni intonesheni, inarekebishwa kwa kusogeza vile vitandiko vya darajani mbele au nyuma, na kwa kuwa umebadilisha unene wa nyuzi huenda ikahitajika kwako pia. Ifanye baada ya nati, si kabla, vinginevyo utakuwa unarekebisha kitu kinachohama.

Kuhusu zile za zamani: usizirudishe. Mpya zimeshafungwa na hazina kosa. Kaza tu zile nati za mbele ya kichwa zinazozishika (hizi ndizo za bolti, si ile ya mifereji), kwa mkono mwepesi, maana funguo mpya hulegea kidogo wiki za kwanza. Kama hizo ulizonunua ni za kubana, zenye kijiskrubu cha kuushika uzi ndani ya mhimili, basi sahau niliyosema juu ya mizunguko mitatu: pitisha uzi, uvute unyooke, kaza, na usifike hata mzunguko mmoja kamili. Wengi huzinunua hizo kisha wanazungusha mara nne kwa mazoea, na sitashangaa nikisikia ndivyo ulivyofanya.